Folda Iliyoitwa Mlali

Nyemo mwanangu,

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni kwa miaka kumi na minne: miguu yako ikinipita. Ulikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa nimeshuka kwenye gari pale Mlali, nina vumbi mpaka kwenye kope, nikachuchumaa katikati ya uwanja wa dada yangu nikafungua mikono. Ukatoka nyuma ya ghala unalia, jogoo alikuwa amekurukia. Ulikuja mbio moja kwa moja upande wangu. Nyayo zako zilipiga ardhi ile kavu, pa pa pa pa, zikawa karibu, zikawa hapa hapa nilipo, kisha zikawa nyuma yangu. Ulikuwa unamkimbilia mama yako mkubwa aliyesimama mlangoni. Mikono yangu ikabaki wazi. Nakumbuka nilijifanya naokota kitu chini.

Leo umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, nami nikakuomba usirudi kabla ya saa moja. Ulidhani nataka kufunga mizigo kwa utulivu. Mizigo ilifungwa tangu jana. Mambo ya ndoo, chandarua, dawa za mafua na nani wa kumwona chuoni ukifika nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, iko mfuko wa mbele wa begi. Karatasi hii ina habari moja tu, habari ya kompyuta. Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Kila mara nilikuuliza kama umekula.

Unakumbuka ilivyokuwa. Ulikuwa unabonyeza kitufe, unakwenda kuinjika chai, unarudi na kikombe, na kompyuta bado inafikiri. Ulisema inawaka kama kuni mbichi. Ulipopata nafasi ya kusomea upimaji ardhi Tabora na ukaniambia kazi yote siku hizi ni ramani za kwenye kompyuta, nilijua hiyo mashine ya miaka kumi itakuaibisha mbele ya wenzako. Hiyo ni sababu ya kwanza, nayo ni ya kweli.

Sababu ya pili ni hii. Wiki ile mama yako mkubwa alikuwa ameleta karanga, unga wa uwele, na kitenge ulichokivaa siku tatu mfululizo. Nikakaa jikoni nawaza ni kitu gani naweza kukupa ambacho Tabitha hawezi. Dada yangu hajui hata kuwasha kompyuta. Nilipolikumbuka hilo nilifurahi. Naona aibu kuliandika, lakini nilifurahi, nikasimama palepale nikaenda kuifuta vumbi.

Fundi niliyempelekea ni yule mzee wa miwani mwenye kibanda karibu na soko. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa. Inachelewa."

Akabonyeza kitufe, akakunja mikono, tukangoja. Akanywa kahawa yake. Akasalimiana na wateja wawili. Akaniambia, "Unaona? Mimi nimemaliza kikombe, mwenzangu bado anajinyoosha."

Kisha akaifungua mgongo na bisibisi, akanionyesha diski. Ndani mwake, alisema, kuna sahani inayozunguka na mkono unaotafuta. Kila ukiomba kitu, mkono unakwenda kukichimbua kilipo. "Miaka kumi anachimba tu, masikini! Nikikuwekea diski mpya, hii ya SSD, hakuna kinachozunguka humu. Ukiomba, umeshapewa. Hutaamini ni mashine ileile." Akaigeuza diski mkononi. "Ila nafasi yake ni nusu ya hii. Pengine vyenu vyote havitaenea. Nikuchagulie vya kuhamisha?"

"Nitachagua mwenyewe."

"Vizuri. Basi hii ya zamani nakuwekea kwenye kikasha chenye waya, utaichomeka pembeni uhamishe taratibu. Lakini sikiliza, mama. Usifute kitu huku kabla hujahakikisha kule."

Nilikaribia kumcheka. Mimi ni afisa kumbukumbu, Nyemo. Asubuhi hadi jioni nipo masijala, kazi yangu ni kujua nini kinabaki na nini kinaondoka. Kwetu jalada haliondolewi kwa saini ya mtu mmoja, hata liwe limeliwa na mchwa, hata liwe la risiti za chai. Mmoja anapendekeza, mwingine anakagua, ndipo linaondoka. Nimewafundisha vijana wengi sheria hiyo. Nikaona mzee wa sokoni ananifundisha kazi yangu.

Jumamosi, ulipokuwa kwa msusi, nilikaa mezani nikaanza kuhamisha. Nilianza na masomo yako, kisha vyeti, kisha picha za kipaimara. Kila folda iliingia kwenye diski mpya kwa kasi iliyonishangaza. Mwisho nikaikuta moja imeandikwa MLALI kwa herufi kubwa. Ndani kulikuwa na rekodi arobaini na moja za sauti, kila moja na namba yake.

Nilijua ni zile ulizorekodi likizo mbili zilizopita, ulizoniambia ni za kazi ya shule. Nilijua pia kwamba ulizihamishia hapo baada ya simu yako kuingia kwenye ndoo ya maji, na kwamba hazikuwa mahali pengine popote. Ninaandika hayo ili usije ukanitafutia udhuru wa kutojua. Una tabia hiyo, ya kuwatafutia watu udhuru. Umeitoa kwa mama yako mkubwa.

Nikafungua ya kwanza. Dada alikuwa anabangua karanga, maganda yanasikika, nawe ukamuuliza, "Mama, nilianzaje kutembea?"

Mama. Hukusema mama mkubwa.

Nilikuchukua Mlali ulipotimiza miaka sita ili uanze darasa la kwanza hapa Dodoma, na mwezi wa kwanza mzima sikukuitikia mpaka useme sawasawa: mimi ni mama, yule ni mama mkubwa. Ulikuwa unasimama mlangoni na kikombe chako mkononi, unatafuta neno. Na nikakukataza kuongea Kigogo ndani ya nyumba yangu. Nilikwambia utachekwa shuleni. Nyemo, nusu ya darasa lako walikuwa Wagogo, nani angekucheka? Nilikukataza kwa sababu ukiongea Kigogo sauti yako ilipanda na kushuka kama yake, na ukicheka katikati ya sentensi ulicheka pale pale anapochekea yeye. Mimi na yeye tumezaliwa tumbo moja, tumelishwa mlenda kwenye bakuli moja, lakini mimi sichekei hapo. Nilitaka kukutoa sauti yake mdomoni. Sikufanikiwa. Nilichofanikiwa ni kukufanya uende kuongea naye Kigogo mahali ambapo siwezi kusikia.

Nilisikiliza rekodi moja baada ya nyingine. Ya tano ulikuwa unaumwa surua na hukutaka kuguswa na mtu isipokuwa yeye. Ya tisa mvua ya mawe ilivyokutisha ukajificha kwenye pipa la mahindi, wakakutafuta kijiji kizima. Ya kumi na mbili mnacheka tu, dakika nzima, hata sijui mnachekea nini. Sikuyajua hayo yote. Ni maisha yako, mtoto niliyekuzaa, nami nayasikia kama mpita njia aliyesimama dirishani kwa watu.

Halafu ya kumi na saba. Ulimuuliza, "Na mama wa mjini, alikuwa anakuja?"

Maganda yakanyamaza. Dada akasema, "Eeh! Kila mwezi. Ila gari la kwetu si unalijua, alikuwa anafika umeshalala, anaondoka hujaamka. Anakaa tu pale kitandani anakutazama. Masomo, mwanangu. Masomo yale yalikuwa mazito."

Ukasema, "Kumbe."

Sikuwahi, Nyemo. Nilikuja mara nne tu tangu nikuache hadi siku niliyokuchukua. Unajua kwamba baba yako aliondoka kabla hujazaliwa na kwamba niliahirisha mwaka chuoni nikakunyonyesha Mlali. Usilolijua ni namna nilivyokuacha. Ulikuwa na miezi kumi na minne, masomo yanafunguliwa, na dada akaniambia, "Niachie nimwachishe ziwa huku. Ukiwepo hataacha. Miezi miwili, ufanye mitihani, uje umchukue." Ndivyo ilivyo desturi, mtoto hupelekwa kwa bibi au kwa mama mkubwa ili alisahau ziwa. Ukalisahau. Nikapanda zangu chuoni, Chimwaga, na kifua kinavuja, nalia bafuni hosteli. Wiki ya pili maziwa yakakauka. Wiki ya tatu nililala usingizi mzito kuliko wowote niliowahi kulala. Wiki ya nne nilicheka na wenzangu kantini mpaka nikasahau kwamba nina mtoto, labda kwa saa moja nzima.

Miezi miwili ikaisha. Nikaomba mingine miwili. Baada ya hapo sikuomba tena, nilinyamaza tu, naye akanyamaza. Watu wote walisema ni masomo, na mimi nikasema masomo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepumzika. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasoma vitabu nilivyovipenda, mtu mwingine anaamka na mtoto wangu. Nilipokuja kushtuka na kukutaka, ndipo miguu yako iliponipita.

Kwa hiyo mimi namwonea wivu mtu kwa kufanya kazi niliyomwachia mwenyewe. Najua jinsi hilo linavyosikika. Nimelijua kwa miaka mingi, na kulijua hakujanisaidia kitu. Ila pale mezani, nikisikiliza ule uongo wake, ndipo wivu uliponishika hasa. Ningeweza kuvumilia angesema, "Hakuja." Ningelia, ningeona nimestahili. Lakini alinisitiri. Hana shule, ana kuni na karanga na magoti mabovu, na bado alikuwa na cha kunipa, nami sikumwomba. Hata uongo wake ulikuwa mwema kuliko ukweli wangu. Nikawaza: Nyemo akiwa Tabora, siku akikumbuka nyumbani, atafungua folda hii. Kwenye kompyuta niliyomtengenezea mimi.

Diski mpya ilikuwa na nafasi. Nilitazama nambari pale chini, ilibaki nafasi ya kutosha rekodi hizo mara mia. Nikajiambia haina nafasi. Nilijiambia kwa sauti, peke yangu, mezani. Kisha nikajiambia diski ya zamani naihitaji kwa kazi za ofisini na ni lazima niisafishe. Nikachagua kufuta, na kati ya ile njia ya haraka na ile ndefu inayofuta mpaka chini, nikachagua ndefu. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikakubali. Ikaniuliza tena. Saini zote mbili zilikuwa zangu.

Ilichukua karibu saa mbili. Ningeweza kuchomoa waya wakati wowote. Nilikwenda kuanua nguo.

Uliporudi umesukwa, ukaiwasha, ukapiga kelele. "Mama! Imewaka kabla sijakaa!" Ukaizima ukaiwasha tena, mara nne, ukamwita na jirani aje aone. Ukanikumbatia shingoni, unanukia mafuta ya nywele, ukasema, "Asante, mama yangu. Kila kitu kimehamia?"

Nikasema, "Vyote vya maana."

Hukukagua. Ni siku tano sasa na hukukagua, kwa sababu nilikwambia mimi.

Jumanne nilirudi kwa fundi na ile diski kwenye mkoba. Nilimwambia nimefuta kwa bahati mbaya. Akaichomeka, akaangalia muda mrefu, akavua miwani.

"Mama, ungefuta juu juu ningekurudishia. Huku umefuta mpaka chini. Hii si bahati mbaya."

"Hakuna njia?"

"Labda huko Ulaya. Mimi hapa sina." Akainamia kazi nyingine. Nilipokuwa naondoka akasema, kwa upole tu, "Kilikuwa cha nani?"

Nikaubana mkoba kwapani, nikatoka.

Sina mengi ya kukufundisha juu ya wivu, mwanangu, kwa kuwa bado ninao hata hapa ninapoandika. Nimegundua moja tu: haukuwahi kunijia na jina lake. Ulikuja ukaitwa shule, usije ukachekwa. Ukaja ukaitwa adabu, mama ni mmoja. Jumamosi ulikuja ukaitwa nafasi ya diski. Kila mara nilikuwa na sababu safi, ya mtu msomi. Ukijikuta siku moja una sababu safi mno za kumwondolea mtu kitu anachokipenda, acha unachofanya, hata kama ni kunywa maji. Na mwenye wivu asipewe kazi ya kuchagua kipi kibaki. Mimi nilijipa mwenyewe.

Jambo jingine. Usidhani kuna kipimo cha upendo kinachojaa, ukimpa mmoja mwingine anapungukiwa. Nasema usidhani, ingawa mimi mwenyewe nadhani hivyo kila siku. Wewe umeweza kutopima. Uliniita mimi mama na yeye mama, ukabadilisha tu kulingana na nani anasikia, ili asiumie mtu. Tangu una miaka sita unabeba mzigo huo, wa kuangalia nani yupo chumbani kabla ya kusema neno. Niliuona. Nikakuacha uubebe.

Jana nilimpigia dada. Nilitaka kumwambia taratibu, lakini alipopokea tu nikasema, "Dada, shikamoo. Zile rekodi za Nyemo nimezifuta. Kwa makusudi."

"Marahaba. Rekodi zipi?"

"Zile alizokurekodi. Za utoto wake. Zote."

Nikasikia kuku wanalia nyuma yake. "Kwa nini sasa, Loyce?"

"Wivu."

Akacheka. Nyemo, alicheka! "Wewe! Tangu mdogo ukivunja kibuyu unakificha chini ya kitanda, halafu unakuja kukisema mwenyewe wakati hakuna aliyeuliza. Mama alikuwa anasema huyu hatafaa kuwa mwizi."

"Dada, zimepotea. Hazirudi."

"Kwani mdomo wangu umeufuta? Si nipo?" Kisha sauti ikabadilika. "Lakini umekosea sana. Mimi hujanikosea, umemkosea mtoto. Ameshajua?"

"Bado."

"Mwambie kabla hajapanda gari. Asije akajua yuko peke yake kule."

"Na ile ya kumi na saba," nikasema, "ulimwambia nilikuwa nakuja kila mwezi."

"Ulitaka nimwambie nini?" akasema. Na baadaye, "Nilikuwa nakungoja kweli kila mwezi. Kwa hiyo siyo uongo wote."

Nilikata simu nikiwa na hasira naye. Ndiyo, hasira. Alinisamehe haraka mno, bila hata kunipa nafasi ya kupiga magoti. Sina hakika kama nitawahi kumpenda dada yangu bila kumwonea kijicho. Lakini nimejua yuko sahihi juu ya jambo moja: aliyejua habari zako bado ana pumzi, ana miaka hamsini na mbili na magoti mabovu, na kutoka hapa mpaka Tabora ni safari ya kutwa nzima ya kukaa tu na kuongea.

Nilikuwa nimepanga kukupeleka mwenyewe. Niliomba ruhusa kazini, nikakata tiketi mbili, nikawaza jinsi nitakavyokutandikia kitanda bwenini wenzako wakiona, waseme mama wa Nyemo ni kijana. Niliyawaza hayo hata jioni ile ya Jumamosi, diski ikiwa imekwisha kufutika.

Utakapoisoma hii usiku wa leo utakuwa na haki ya kunikasirikia, nami sitakuomba uache haraka. Nisamehe kwa wakati wako, au usinisamehe, ila usimwache mtu yeyote akuchagulie nani wa kumwita nini. Kigogo chako ongea popote. Ukimuuliza mama yako mkubwa juu yangu, mwambie akupe ukweli. Nilikuja mara nne.

Leo asubuhi nimekwenda ofisi ya basi kubadilisha tiketi yangu. Karani akasoma jina jipya, akaniuliza, "Kwa hiyo wewe husafiri tena?" Nikamwambia sisafiri. Kiti cha dirishani ni chako, cha pembeni ni cha Tabitha. Ameshatoka Mlali, atafika tukiwa mezani. Najua kesho nitakuwa na wivu kabla hamjafika Manyoni, na mkipita Itigi utakuwa umezidi. Kwa hiyo nimetoka stendi nikaenda moja kwa moja ofisini, nikairudisha ile ruhusa kwa maandishi nisije nikabadili mawazo, na bosi wangu ameshasaini.

Mama yako,
Loyce